Kahawa ya Shangazi Haijakauka

Kahororo, Bukoba
7 Aprili 2024

Shangazi yangu Kokuberwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani na si migombani, ingawa nakufahamu. Huku Bukoba tunapumua. Magoti ya mama yanalalamika kila mvua ikikaribia, kwa hiyo mwezi huu yamelalamika kila siku. Baba amechaguliwa tena kuwa mzee wa kanisa, na tangu hapo anatembea kama mtu aliyebeba bakuli la uji lililojaa. Mimi nafundisha Jiografia yangu, narudi kwenye vyumba vyangu viwili, nafungua dirisha.

Najua utashangaa kuletewa karatasi zama hizi. Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Unasema "Haloo! Nani? Haloo!" kisha unakata. Nikatuma meseji, nikajibiwa na Onesphory wa dukani, ambaye alinitakia Pasaka njema na kuniuliza kama nimeshaolewa. Kumbe simu yako inalala kwake ikichajiwa, na kila anayenunua sukari anasoma habari zetu. Ndiyo maana nimempa Burhani barua hii. Amesema gari lake linapanda Kamachumu karibu kila siku, labda ligome.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Jumatatu ya Pasaka tulipata wageni nyumbani Nyanga. Alikuja mzee Byarugaba pamoja na kaka zake wawili na mwanawe. Mama alipika ndizi na samaki, baba akavaa koti. Walipokwisha kula niliitwa sebuleni. Baba akaniuliza mbele yao wote kama nimewaona wageni, na kama nina neno lolote.

Niliangalia vidole vya miguu yangu, shangazi. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, na mimi nilikuwa nasikiliza mvua. Baba akacheka, akasema, "Binti akinyamaza ameitika." Watu wakapiga makofi.

Kwa hiyo baba anasema nimekubali.

Kijana mwenyewe ana duka la dawa mjini, anasalimia wakubwa kwa adabu, hanywi. Mama anafurahi mpaka ananenepa. Amenituma nikuombe uandae akamwani kwa ajili ya siku ya utambulisho, maana anasema kahawa ya kutafuna isiyopikwa kwa mkono wako ni kokoto tu.

Usiku naota ndoto za ajabu, lakini hizo si habari za kuandikwa.

Mtoto wako,
Judica


Kamachumu, Muleba
28 Aprili 2024

Judica mwana wa Aroni,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako imefika ikiwa na utomvu wa ndizi pande zote nne. Burhani aliisahau chini ya mikungu. Nimeikausha juani kama nguo ya mtoto, kisha nikaisoma mara nyingi kuliko ninavyosoma Zaburi. Mchungaji asisikie.

Mimi ni mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Juu ya shingo, macho yapo na meno yapo kiasi, ila masikio yameamua kutangulia mbinguni. La kushoto lilikwenda mwaka jana, la kulia linafungasha. Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. La kwangu halisikii dawa, wala jogoo, wala shemeji zangu, na hili la mwisho si hasara. Mvua ikinyesha naweka kiganja juu ya meza ndipo najua. Kwa hiyo umefanya vema kuandika. Nikisoma nakusikia vizuri kabisa, hata pale unapomeza mate.

Sasa na mimi niseme. Nakukumbusha neno moja, maana ninyi wa mjini mnaliacha lioze. Kwa Kihaya mimi si shangazi, mimi ni *ishenkazi*. Lipasue neno hilo utaona lina nini ndani: baba wa kike. Nilikuwa baba yako kwa gauni kabla Aroni hajajua kukufunga nepi. Na katika ukoo wetu binti haulizwi sebuleni mbele ya wageni waliokwisha kula samaki. Anaulizwa na ishenkazi nyuma ya nyumba, kwenye migomba, wawili tu. Ananijibu mimi. Mimi nalibeba jibu lake mpaka kwa wanaume na kulisema kama lilivyo. Shangazi yangu alifanya hivyo, na shangazi zake kabla yake. Aroni anajua. Alikuwa na haraka, au alikuwa na koti jipya.

Mimi sijakusikia bado. Nataka hilo liwe wazi kati yetu.

Kuhusu akamwani, kahawa haijafikia kuchumwa. Ile ya kutafuna inataka ichumwe ikiwa imeiva nusu, ichemshwe na majani yake ya harufu, kisha ianikwe taratibu. Mvua zote hizi nitaianika wapi, kichwani? Mwambie mama yako Magdalena asubiri.

Halafu, mwanangu, umeandika ukurasa mzima juu ya huyo kijana, nimejua duka lake na adabu yake na kinywaji asichokunywa. Anaitwa nani?

Mimi,
Baba yako wa kike,
Kokuberwa


Kahororo, Bukoba
19 Mei 2024, Pentekoste

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo kanisa lilijaa mpaka nje. Tuliimba vizuri, na mimi nilipewa ubeti wa peke yangu. Baba amepata mafua lakini hataki yaitwe mafua. Ndizi ulizotuma zilifika, mbili zikiwa zimeiva njiani. Burhani anasema zilijiiva zenyewe na hakuzigusa.

Mama amechagua kitambaa. Ni rangi ya maziwa yenye maua madogo ya dhahabu pembeni, na fundi ameshanipima. Mapazia pia ameshayachagua. Nimepelekwa kuiona nyumba ya yule kijana. Ni nyumba nzuri, shangazi, sina la kuikosoa. Vigae sakafuni, maji ndani, na ua uliofagiliwa. Mama alikuwa anafungua kila mlango na kusema "Ona!" na mimi nilikuwa naona.

Niliporudi kwangu nilikaa dirishani mpaka giza likaingia. Sijawahi kukueleza dirisha langu. Linatazama migomba ya jirani, na kati ya migomba kuna kipande cha ziwa, chembamba, upana wa kanga iliyokunjwa. Asubuhi ukungu unapokaa juu ya maji, kisiwa cha Musira kinaonekana kama hakijashikwa na kitu chini. Mimi nanywa chai nikikitazama. Hakuna anayeniuliza nawaza nini. Nikimaliza chai naenda kufundisha. Ni hayo tu. Nikijaribu kumweleza mtu kuwa hayo tu ndiyo maisha yangu, na kwamba nayapenda, naona aibu, kwa sababu hakuna cha kuonyesha.

Nina miaka thelathini na moja. Mama ananikumbusha kwa upole, kama anayenipa dawa ya maji.

Kila ninayekutana naye ananiuliza swali moja: "Kijana ana kosa gani?" Sijasema ana kosa! Sijasema chochote. Nadhani wanaliona swali usoni pangu, wanaliokota na kunirudishia.

Uliniuliza kuhusu ndoto. Hapana, hukuniuliza, lakini nitakwambia. Naota niko darasani nafungua mdomo kufundisha, na wanafunzi wanaandika kwa bidii, wote. Napita kati ya madawati kuangalia daftari zao. Ni nyeupe. Nawauliza mnaandika nini, na wenyewe wanainamisha vichwa na kuendelea kuandika.

Kahawa imefikia wapi? Baba anauliza.

Mtoto wako,
Judica


Kamachumu, Muleba
16 Juni 2024

Mwanangu Judica,

Marahaba. Niko salama na kibanja kiko salama, isipokuwa mgomba mmoja ulioangushwa na upepo ukaegemea choo. Nimeuacha hapo. Unapendeza.

Kahawa niliichuma. Nikaichemsha vizuri, nyumba nzima ikanukia mpaka jirani akaja kujisalimisha. Nikaianika. Ukungu ukapanda kutoka ziwani ukakaa juu yetu kama mgeni asiyejua kuaga. Ikavunda. Nikachuma nyingine, kuku wakaichakura. Sasa nimeanika ya tatu juu ya paa la banda. Baba yako alimtuma Burhani aniambie niharakishe. Nimemjibu kuwa jua halina namba ya simu.

Barua yako nimeiweka chini ya mto. Dirisha lako nimeliona. Nimekaa nalo siku nyingi, nikiwa nachambua maharage naliona tu, na kile kipande cha maji.

Umenieleza ndoto, na mimi nikulipe ya kwangu. Tangu masikio yaanze kuniaga, nikiwa macho dunia ni kimya, lakini nikilala inapiga kelele zote. Namsikia marehemu mama akiwafukuza mbuzi. Nasikia kinu. Nasikia hata sauti ya majani makavu ya migomba yakikanyagwa, na mtu akija. Nikiamka najikuta nimechoka kwa kusikia, nalala kidogo tena ili nipumzike katika kimya.

Wiki iliyopita niliota uko mwisho wa kibanja, kule kwenye mti mzee wa kahawa, umenipa mgongo, unasema neno. Fupi. Nilijua ni neno fupi kwa jinsi mabega yako yalivyopanda na kushuka. Nikakimbia kukufuata, unajua ndotoni nina miguu ya msichana, lakini kila nikifika unakuwa mbele kidogo.

Nilikuuliza jambo dogo barua iliyopita. Uliruka juu yake kama mtu anayeruka dimbwi akiwa na viatu vya kanisani. Sikulaumu. Lakini kitambaa nakijua rangi, vigae navijua, na mwenye nyumba bado hana jina.

Baba yako wa kike,
Kokuberwa


Kahororo, Bukoba
7 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Wazima sote. Shule imefunga. Nisamehe, leo salamu zimekuwa fupi.

Anaitwa Nathanieli.

Wamepanga siku. Ni Jumamosi, tarehe kumi Agosti, nyumbani Nyanga. Jana waliketi wanaume, na mama mdogo Gaudiosa naye akaitwa. Nilikuwa jikoni nikisikia. Baba alisema, "Dada yangu hasikii tena. Akisimama mbele ya wageni atatuletea fedheha. Tena kahawa yake haikauki mwaka huu wala mwaka kesho." Wakacheka. Wakaamua Gaudiosa asimame badala yako, na kahawa inunuliwe sokoni.

Nilitaka kutoka jikoni niseme jambo. Nilikuwa nimeshika mwiko. Nilifika mpaka mlangoni, mama akanitazama na kuniambia taratibu, "Mboga inaungua." Nikarudi. Haikuwa inaungua.

Shangazi, wote wanataka sababu. Ningekuwa na mwingine, wangekasirika lakini wangeelewa. Angekuwa mlevi, wangenitetea. Ningesema nimeitwa kuwa shemasi asiyeolewa, baba angelia kwa furaha. Nimetafuta sababu kila mahali, nimejipekua kama mtu aliyepoteza ufunguo. Sina. Nathanieli ni mtu mwema. Siku moja alinisindikiza mpaka stendi kwa mwavuli, yeye akalowa bega zima, na nilimwonea huruma, na nilitamani mvua iishe ili aende.

Je, mtu asiye na sababu ana haki ya kufungua mdomo?

Hapa niliandika mstari mmoja, nimeufuta. Usijaribu kuusoma.

Judica


Kamachumu, Muleba
21 Julai 2024

Judica,

Barua yako imekaa njiani kwa kuwa gari la Burhani liligoma kweli. Imenifikia leo nikitoka kanisani. Naandika nikiwa bado na kilemba.

Mstari wako sikuusoma. Uliufuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, nimeona mwanga upande wa pili.

Umeniuliza kuhusu sababu. Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, nimehudhuria tambulisho nyingi kuliko mchungaji wetu. Sijawahi kusikia msichana aliyesema ndiyo akiulizwa sababu. Anasema ndiyo, watu wanapiga vigelegele, ndizi zinaletwa. Mbona hapana peke yake lazima ije na mzigo kichwani? Kutotaka ni neno zima, mwanangu. Halihitaji kushikwa mkono.

Lakini sikiliza, wewe mwenye masikio. Sijui utasema nini, na sitaki uniandikie. Ukiniandikia, nitakuwa nakuja na jibu langu mfukoni, na watasema bibi kiziwi ndiye aliyekujaza maneno. Nitakuja mtupu. Nitakuuliza kama shangazi yangu alivyoniuliza mimi, na utakalosema nitalibeba. Ukisema ndiyo, nitalibeba kwa vigelegele na kucheza mpaka magoti ya mama yako yaone wivu. Ukisema lingine, nitalibeba vilevile, mgongo umenyooka.

Usimwambie Aroni kuwa nakuja. Mtu haombi ruhusa kuingia kwa mdogo wake.

Kahawa haijakauka. Nitakuja na kikapu kitupu.

Kokuberwa


Kahororo, Bukoba
18 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Ulifika salama? Burhani anasema ulilala njia nzima huku umekumbatia kikapu, na kwamba ulikuwa unatabasamu. Mama amekutumia chumvi na sabuni. Hakusema ni za nini, alizifunga tu.

Ulikuwepo siku ile, lakini masikio yako hayakuwepo. Kwa hiyo nakuandikia yote, ili uwe nayo.

Ulipoingia sebuleni, Gaudiosa alikuwa ameshasimama na kikapu cha kahawa ya sokoni. Alikuwa ameanza, "Mimi kwa niaba ya binti yetu..." Ulimpita kana kwamba ni pazia. Ukasema, "Mimi ndiye ishenkazi. Sijasikia jibu la mtoto huyu." Baba akakuinamia sikioni, akapaza sauti, "Dada, aliitika tangu Pasaka!" Ukamtazama kwa mapenzi makubwa, ukasema, "Sijasikia." Mzee mmoja wa upande wao akasema kwa Kiswahili safi kuwa mambo haya yalikwisha. Ukaweka mkono nyuma ya sikio. "Sijasikia."

Kisha ukanigeukia mimi. Nilidhani utanichukua nyuma ya nyumba. Ukasema, "Ingekuwa migombani, lakini neno hili mmelileta sebuleni wenyewe, basi limalizikie hapa, ila mlango ufunguliwe, nina joto." Mlango ukafunguliwa. Ukaniuliza, "Judica, unamtaka Nathanieli, uende naye?"

Mara ya kwanza niliviambia vidole vyangu vya miguu. Hata mimi sikujisikia. Ukasema, "Sijasikia."

Mara ya pili niliinua kichwa. Nikasema, "Shangazi, mimi si kwamba..." na pumzi ikaishia hapo. Nilimwona mama kwenye mlango wa jikoni ameshika upindo wa kitenge chake kwa meno. Ukasema, pole pole sana, "Sijasikia, mwanangu. Masikio yangu yako mbali. Yafuate."

Sijui nilikwenda wapi, shangazi. Ilikuwa kama ile ndoto, darasa lote jeupe na tulivu. Nikasikia mtu anasema, "Hapana. Sitaki," kwa sauti kubwa, na kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika kwa kelele. Nikageuka kuangalia ni nani. Nilikuwa mimi.

Ukawageukia wanaume na kusema kwa sauti ya matangazo ya kanisani, "Amesema hapana." Ukakaa. Ukaomba chai.

Haya sasa ni yale uliyokosa ukiwa unakunywa chai. Mzee Byarugaba alisema elimu inaharibu watoto. Gaudiosa alisema atakufa kwa aibu, kisha akauliza kama nyama bado italiwa. Ililiwa. Mama alirudi jikoni akaanza kuimba wimbo wa Pentekoste, ule wenye ubeti wangu, chini chini, huku akikwangua sufuria ambayo ilikwisha takata.

Nathanieli nilimsindikiza mpaka barabarani. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Alisema, "Ungeniambia Pasaka." Nikamwambia sikujua nilikuwa na ruhusa. Akafikiri, akasema, "Na mimi sikukuuliza. Nilimuuliza baba yako." Kisha akapanda bodaboda, akashikilia kofia yake, na nililia barabarani pale bila kujali nani anapita.

Sitakudanganya kuwa mambo ni mepesi. Kwaya wamenihamishia mstari wa nyuma. Mwalimu mwenzangu ananiita "bibi hapana". Kile kitambaa cha rangi ya maziwa kimekunjwa kwenye sanduku la mama na sijui nani atakivaa. Na baba hasemi nami. Nikienda Nyanga anainuka, anaingia kwenye kahawa yake na kupogoa mti uliokwisha pogolewa. Amenyamaza, shangazi, na mimi nakaa barazani nikijiuliza kunyamaza kwake ni ndiyo au ni hapana.

Lakini nalala. Ndoto ya darasa ilirudi mara moja tu. Safari hii niliangalia daftari, zilikuwa na maandishi. Sikuweza kuyasoma ila yalikuwa mengi.

Nina swali moja tu. Mara zile tatu ulizoniuliza, ulinisikia mara ya ngapi?

Mtoto wako,
Judica


Kamachumu, Muleba
8 Septemba 2024

Binti yangu,

Marahaba. Chumvi na sabuni nimepokea, mwambie Magdalena nimezielewa. Mgomba ulioegemea choo umezaa mkungu ukiwa umelala vilevile. Nimeuwekea nguzo kwa heshima.

Umeniuliza nilisikia mara ya ngapi. Hakuna mara, mwanangu. Sikusikia hata moja. Sikio la kulia lilikwisha kwenda tangu Julai, nilikuja Nyanga nikiwa kisima kikavu. Mara ya kwanza niliona mdomo haujafunguka. Mara ya pili ulifunguka nusu. Mara ya tatu niliona kuku wanakimbia, nikajua neno limetoka. Na nilijua ni lipi, kwa sababu neno ndiyo linachongoa mdomo, lakini hapana linaufungua mpaka mtu anaona jino la nyuma. Una jino bovu kule nyuma, kaling'oe. Ungechongoa, ningepiga kigelegele. Nilikuwa nimeshajaza pumzi.

Sasa nikueleze jambo la baba yako. Alikuja. Ilikuwa Jumatano, bila taarifa, amevaa lile koti. Alikaa barazani akaanza kuzungumza, akazungumza mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye mibuni. Mikono yake ilikuwa inakwenda huku na huku. Mara moja alifuta macho, mara moja alicheka. Sikusikia kitu, wala sikumwambia arudie. Nadhani alikuja kwangu kwa sababu hiyohiyo. Tulipokuwa watoto akikosea alikwenda kumwambia mbuzi.

Alipochoka, nikamletea akamwani. Akatafuna. Akaitazama ile kahawa, akanitazama mimi, akauliza kwa vidole: hii ni ya lini?

Basi na wewe nikuambie, maana yeye ameshajua. Ile kahawa ya kwanza haikuvunda. Kuku hawakuigusa ya pili, kwa sababu ya pili haikuwepo. Ilikauka mwezi wa sita, ndani ya siku chache, jua zuri kabisa. Niliiweka kwenye mkebe chini ya kitanda nikingoja barua zako. Iwe imekauka au haijakauka, hilo nilikuachia wewe, ila wewe hukujua.

Aroni alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauchukua mkebe, akaufunga kwenye leso yake.

Kwa hiyo barua hii haiji na Burhani. Anaileta baba yako mwenyewe, pamoja na kahawa. Ni yako yote, itafune dirishani kwako ukitazama kisiwa chako, usimgawie mtu usiyetaka kumgawia. Namfahamu mdogo wangu. Atasimama mlangoni, atakupa mkebe, ataangalia vidole vya miguu yake. Usianze kukitafsiri kimya chake, tumeshaona mambo hayo yanatufikisha wapi. Mkaribishe kiti, mwekee maji ya chai. Halafu weka mkono nyuma ya sikio, umwambie:

"Baba, sijasikia."

Kokuberwa